DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 15: MFUPA ULIO KIMYA UNAFANYA KAZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tumefika nusu ya mwezi, alhamdulillah. Leo darasa ni refu kidogo, kwa hiyo lisomeni kwa awamu. Wengine someni sasa, wengine baada ya futari. Nimeliandika kwa sababu wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Ustadh, nimevunjika mguu, nina hogo, nifanyeje na swala yangu na swaumu yangu?" Kabla sijajibu, ngoja nikiri kosa langu.

*1. Kosa langu mwenyewe*

Ramadhani iliyopita baadhi yenu mliniona msikitini na magongo. Mwishoni mwa Rajabu nilikuwa juu ya bodaboda, mvua imetoka kunyesha, ule udongo wetu mwekundu umekuwa kama sabuni. Tukateleza. Dereva alisalama, mimi mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, ukavunjika. Hospitali wakaunyoosha, wakanifunga plasta ngumu kutoka pajani hadi karibu na vidole. Wakaniambia wazi: usiiguse mpaka tukuambie.

Ramadhani ikaingia nikiwa nasali juu ya kiti. Moyo ukaanza kuniuma. Nasikia takbira, wenzangu wanaenda sijda, mimi nimekaa kama mgeni. Nikajiambia: mguu hauumi tena, wiki ya tano hii, si umeshaunga? Usiku wa siku ya tano nikalowesha ile plasta kwa maji ya moto, nikaikata kwa kisu. Nikasali tarawehe kwa sijda kamili. Wallahi nilifurahi.

Furaha ilidumu siku mbili. Mguu ukavimba, nikarudi hospitali kichwa chini. Picha ya eksirei ikaonyesha vipande viwili vimesogea. Nikaanza upya. Mpaka leo mguu huo umepinda kidogo, na mnaosimama safu moja nami mnajua ninavyokaa tahiyatu.

Aliyenipiga picha hakunigombeza. Aliweka picha mbili mbele ya taa. Ya kwanza ni ya wiki ya pili: ufa unaonekana wazi, pembeni hakuna kitu. Ya pili ni ile ya siku niliyorudi: pembeni ya ufa kuna kama wingu jepesi jeupe, limechanika. Akasema, "Hili wingu ndilo mfupa wako mpya. Ulikuwa unajengwa. Wewe umebomoa jengo kabla saruji haijakauka."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu mfupa. Haya ndiyo niliyoyapata.

*2. Tumeambiwa tuangalie*

Katika Suratul Baqara aya ya 259 kuna kisa cha mtu aliyepita kwenye mji uliobomoka, akashangaa vipi utahuishwa. Allah akamfisha miaka 100, kisha akamwamsha na kumwambia aitazame mifupa, jinsi inavyoinuliwa na kuvikwa nyama. Wafasiri wengi wanasema ni mifupa ya punda wake. Zingatieni: mtu yule hakupewa maelezo matupu, aliambiwa atazame.

Wanazuoni wetu walilichukua jambo la kutazama kwa uzito. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyefariki mwaka 1231, alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202. Watu wengi walikufa na mifupa yao ikabaki wazi. Vitabu vya Galeni, tabibu mkubwa wa Kiyunani, vilikuwa vikisema kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Al-Baghdadi alikagua mafuvu mengi mno, akaona ni mfupa mmoja tu. Akaandika alichokiona, ingawa Galeni alikuwa ameaminiwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Jicho lake lilimfundisha kuliko kitabu.

Na sisi tuangalie, ila bila kulazimisha kila aya iwe kitabu cha baiolojia. Qur'an ni uongofu. Inatuamsha tutazame, kazi ya kutazama tumeachiwa sisi.

*3. Mfupa si jiwe*

Wengi tunadhani mfupa ni kitu kikavu kilichokufa, kama nguzo ya nyumba. Kinachotudanganya ni kwamba tunauona ukiwa umeshakufa: kwenye supu, au pale mbwa alipoutupa.

Fanyeni jaribio hili na watoto. Baada ya futari chukueni mfupa mwembamba wa paja la kuku, uoshwe vizuri, utumbukizwe kwenye siki kwa siku kadhaa, siki ibadilishwe ikichoka. Mkiutoa, utapinda kama mpira. Siki imeyeyusha madini ya chokaa, kikabaki kile kinachonata na kuvutika, protini iitwayo kolajeni. Mfupa mwingine utupeni kwenye moto mpaka uwe mweupe. Huo utavunjika kwa vidole kama chaki, kwa sababu kolajeni imeungua, madini yamebaki.

Kwa uzito, mfupa ni takriban theluthi mbili madini, hasa kalsiamu na fosfati, na kinachobaki ni kolajeni na maji. Aliyejenga ukuta wa fito na udongo ataelewa. Fito peke yake zinayumba, udongo peke yake unapasuka. Vikikutana, ukuta unasimama.

*4. Ndani yake kuna mitaa*

Ukikata kipande chembamba sana cha mfupa mgumu ukakitazama kwenye hadubini, unaona duara ndani ya duara. Sisi watu wa migomba hatuhitaji mchoro. Mgomba ukishakatwa, tazama kwenye kisiki: tabaka limezunguka tabaka, na katikati kuna kiini. Mfupa mgumu ni kama shina nyingi ndogo za namna hiyo zilizosimamishwa na kubanwa pamoja. Kila shina moja linaitwa osteoni. Katikati yake kuna tundu linalopitisha mshipa wa damu na neva. Matundu hayo yanaitwa mifereji ya Havers, kwa jina la tabibu wa Uingereza, Clopton Havers, aliyeyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1691.

Kati ya tabaka na tabaka kuna vyumba vidogo mno. Ndani ya kila chumba kuna seli hai imejifungia, na kutoka kila chumba vinatoka vijia vyembamba vinavyokutana na vya jirani. Chakula kinapita humo, na habari pia. Hakuna chumba kisicho na njia ya kumfikia jirani. Ndugu yangu uliyemnunia jirani tangu mavuno ya kahawa, hapo pana somo lako.

Miisho ya mifupa mirefu, na mifupa kama ya uti wa mgongo, ndani yake ni kama sifongo. Mfupa ungekuwa mzito wote kama ganda lake, tungeshindwa kuinuka kwenye rukuu. Katika nafasi hizo kuna uboho mwekundu, kiwanda cha damu. Mtu mzima mwenye afya anatengeneza zaidi ya seli nyekundu milioni 2 kila sekunde. Unaposoma sentensi hii, kiwanda kinaendelea, na wewe hukukiamrisha.

Hapa niseme neno kwa wazazi. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye ugonjwa wa selimundu kwa wingi. Seli nyekundu zikipinda kama mundu zinaziba mishipa midogo ndani ya mfupa, na maumivu yake si mchezo. Kwa mtoto mchanga mara nyingi huanza kwa vidole vya mikono na miguu kuvimba. Usiseme karogwa. Mpeleke akapimwe. Na mwenye selimundu asifunge kwa kushindana na wenzake, maana kukaukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu hayo. Aanze kwa daktari wake.

*5. Wafanyakazi watatu*

Mfupa una seli za aina tatu za kukumbuka.

Kwanza ni wajenzi, osteoblasti. Hawa wanamwaga kolajeni kisha wanaifanya ishike madini mpaka iwe ngumu.

Pili ni wabomoaji, osteoklasti. Ni seli kubwa zenye viini vingi, zinatokana na ukoo wa seli za damu. Zinajibandika kwenye mfupa, zinatoa asidi, zinayeyusha sehemu iliyochoka au yenye nyufa ndogo.

Tatu ni walinzi, osteositi. Hao ni wajenzi wa zamani waliozungukwa na kazi yao wenyewe, wakabaki ndani ya vile vyumba. Ndio wengi kuliko wote, zaidi ya tisa katika kila seli kumi za mfupa, na wengine huishi miaka mingi sana. Kazi yao ni kuhisi. Ukitembea, ukiinua ndoo, ukienda sijda, wao wanahisi uzito, wanapeleka habari: hapa pajengwe zaidi, pale pamechoka, pabomolewe.

Wabomoaji wakifika mahali wanakaa kama wiki 3. Wajenzi wakija nyuma yao wanahitaji miezi 3 hadi 4 kujaza shimo lile lile. Kubomoa ni upesi, kujenga ni polepole. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Kwa hiyo mifupa uliyofungia Ramadhani miaka kumi nyuma, sehemu kubwa yake siyo hii uliyonayo leo.

Na mfupa ni hazina pia. Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imo kwenye mifupa na meno. Moyo na misuli vinahitaji kiasi kidogo kwenye damu, na kiasi hicho hakitakiwi kupungua. Usipokula cha kutosha, mwili hauachi moyo usimame. Unakwenda kukopa kwenye mfupa. Ukikopa kila siku bila kurudisha, hazina inaisha kimya kimya, na mwenye nyumba hajui mpaka siku anayoanguka.

Kwa mama zetu, hedhi ikishakoma, wabomoaji huwazidi wajenzi. Ndiyo maana bibi anaweza kujikwaa kwenye kizingiti tu, nyonga ikavunjika. Nabii Zakariya (a.s.) alimlalamikia Mola wake kwamba mifupa yake imekuwa dhaifu, imo mwanzoni mwa Suratu Maryam. Mtume wa Allah hakuona haya kuutaja udhaifu wa mifupa yake. Kwa nini wazee wetu waone haya kukaa kwenye kiti msikitini? Vijana, tuwaachie viti, tuwashike mkono kwenye ngazi, na sehemu ya udhu isiwe na utelezi.

*6. Mifupa ya watoto*

Mtoto anazaliwa na vipande karibu 300. Vingi vinaungana anavyokua, hadi mtu mzima abaki na mifupa 206. Mfupa mrefu haurefuki kwa kuvutwa kama ulimbo. Karibu na kila mwisho kuna bamba la gegedu, ile tishu laini kama ya sikio. Seli zake zinajipanga safu, zinagawanyika, zinavimba, kisha sehemu iliyokomaa inageuzwa mfupa na wajenzi. Bamba linasogea, mguu unarefuka. Ujana ukiisha bamba linafungwa, mara nyingi wasichana wakitangulia wavulana, na urefu unakomea hapo.

Kuna mambo mawili kwa wazazi. La kwanza, mtoto akianguka kutoka kwenye mparachichi akaumia karibu na kiungo, usiridhike na kukandwa. Bamba hilo likiharibika, mkono au mguu unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi. La pili, samaki mkunje angali mbichi. Mfupa wa mtoto hupokea vizuri chakula na jua. Vitamini D inayotokana na jua ndiyo inayowezesha mwili kuchukua kalsiamu ya chakula. Ikikosekana, miguu hupata matege. Jua tunalo, alhamdulillah, basi mtoto asifichwe ndani siku nzima.

Kwenye futari tusiwape chai na maandazi tu. Dagaa wa Ziwa Viktoria wanaliwa na miba yao, hiyo ni kalsiamu tupu. Ongeza maharage, mboga za majani, na maziwa, maana Karagwe ni nchi ya ng'ombe tangu zamani.

*7. Mfupa unavyojiunga*

Sasa turudi kwenye mguu wangu. Mfupa ukivunjika, kwanza damu inavuja na kuganda mahali pale. Watu wanaiona ni uharibifu, kumbe ndiyo msingi. Seli zinaingia kwenye donge hilo, na ndani ya wiki 2 au 3 zinasuka daraja laini la nyuzi na gegedu. Eksirei hailioni vizuri kwa sababu bado halina madini. Maumivu yanapungua, na hapo ndipo shetani alipokuja kwangu akasema: umepona.

Baadaye daraja laini linageuzwa mfupa wa haraka haraka, mnene, usio na mpangilio. Hilo ndilo lile wingu. Mfupa wa mguu chini ya goti kwa mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 4 kushika vizuri, wakati mwingine zaidi. Mkono wa mtoto unaweza kushika ndani ya wiki 3 hadi 6. Baada ya hapo wabomoaji na wajenzi wanaendelea kuchonga na kunyoosha kwa miezi, hata miaka.

Mfupa unadai vitu vitatu tu: vipande vikaribiane, vitulie, na upewe muda. Seli zitafanya mengine. Na sigara inachelewesha kuunga, hilo limethibitishwa. Mvutaji aliyeweza kuacha kuanzia alfajiri hadi magharibi, ameshajionyesha kwamba anaweza.

*8. Majibu ya mliouliza*

Kuhusu udhu: wanazuoni wameruhusu kupangusa maji juu ya kifungo, wanakiita jabira, na kuosha viungo vingine kama kawaida. Hakifunguliwi kwa ajili ya udhu.

Kuhusu swala: Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na maradhi, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Imepokewa na Bukhari. Kumbe kile kiti nilichokionea haya kilikuwa sunna kwangu. Mimi nilikiacha nikifuata nafsi yangu, nikaiita ibada.

Kuhusu swaumu: aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Je, kila aliyevunjika anakula? Hapana. Kama daktari amesema swaumu haikudhuru na dawa zinawezekana usiku, funga. Kama dawa ni za mchana, au umefanyiwa upasuaji, au umedhoofika, kula, utalipa. Mzee ambaye hatarajii kuweza tena atalisha masikini kwa kila siku. Hali za watu hazifanani, kwa hiyo kaa na shekhe wako umweleze yako.

Kumbukeni kisa kilichopokewa na Abu Dawud, cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini. Aliota, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, wakamwambia lazima aoge. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali, akawafahamisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Waliomwambia vile walikuwa watu wa dini wenye nia nzuri, na nia yao haikumwokoa.

*9. Ukivunjika, au akivunjika mwenzio*

- Usivute wala kukanda. Tuliza kiungo kwa ubao au kigongo na kitambaa, juu na chini ya palipovunjika, kisha nenda hospitali.
- Mfupa ukitoboa ngozi, au kuna kidonda juu ya palipovunjika, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Funika kwa kitambaa safi, usipake majani wala udongo.
- Tuna wazee wanaounga mifupa na wengi wanawaamini. Wanaotaka kwenda huko, wapige picha kwanza. Na kifungo kisikaze. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, damu haipiti. Usingoje asubuhi. Mkono unaweza kupotea kwa saa chache.
- Plasta hufunguliwa na aliyeifunga, kwa tarehe aliyoisema. Nami ni shahidi.

*10. Tafakari ya leo*

Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja kwamba mwanadamu ameumbwa juu ya viungio 360, na kila kimoja kina sadaka yake. Leo mmejua kilichomo kati ya kiungio na kiungio. Kazi inafanyika humo usiku na mchana, bila kelele, bila wewe kuilipia.

Ramadhani nayo ni hivyo. Tumefika siku ya 15 na pengine unajiona hujabadilika. Hasira ni ile ile, macho ni yale yale. Unataka kukata tamaa, kwa sababu kwenye picha ya wiki ya pili hakuna kinachoonekana. Ndugu yangu, daraja linasukwa. Usilikate kwa kisu. Tulia kwenye swala yako, kaa karibu na Qur'an, na uupe mwezi siku zake zilizobaki. Na kama kuna ndugu uliyevunjikiana naye, kanuni ni ile ile. Sogeeni karibu kwanza.

*Maswali ya kujipima (jadilini nyumbani):*
1. Kwa nini eksirei ya wiki ya pili haionyeshi mfupa mpya?
2. Wabomoaji wa mfupa wana faida gani?
3. Nani nyumbani kwako anahitaji kiti, ruhusa ya kula, au kupelekwa kupimwa, na anaona haya kusema?

*Dua:* Ewe Mola uliyeiumba mifupa yetu na utakayeikusanya tena, waponye waliovunjika, watie nguvu wazee wetu, wakuze watoto wetu wakiwa wazima, na utuunge na ndugu zetu tuliotengana nao. Aamin.

Kesho in shaa Allah: adabu za kumtembelea mgonjwa. Mfikishie darasa hili mwenye hogo unayemjua, hasa yule anayeandaa kisu.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.